Sahani Isiyoisha pale Mwenge

Kaka yangu Athumani aliponiambia niende Goba nikamlete mama, ilinipasa nikatae. Alikuwa amepata mtu wa kununua shamba, na karatasi zote alizoziacha marehemu baba alikuwa nazo yeye. Kikwazo kilikuwa mama, aliyekuwa akiishi palepale shambani.

"Wewe ndiye uliyesoma, wewe anakusikiliza," aliniambia. "Mwambie anakuja kuwaona wajukuu siku chache. Akishazoea Temeke tutamweleza."

Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto, wala hakuna aliyenikaba koo. Nikajibu, "Haya, kaka."

Tuliondoka Temeke asubuhi ya Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Jirani yangu Selemani alikuwa na pikapu ya kubebea mkaa, naye alikuwa anaufuata hukohuko Goba. Ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Buguruni tulikuta mitumba imetundikwa mpaka kwenye nguzo za umeme.

"Usishuke," Selemani alinitania. "Ukisimama hapa dakika mbili, watakutundika na wewe."

Tulipopita Mwenge tukaiacha lami. Pikapu ilipanda vilima vya Goba kama mzee anayepanda ngazi: hatua tatu, pumziko. Hewa ilikuwa ya baridi kidogo, na kila upande ni mikorosho na mihogo.

Saa tatu tulifika. Mama alikuwa akipalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema hivi, kuna msiba?"

"Hapana. Wajukuu wanakuulizia. Njoo ukae nao siku chache."

Uso ulimng'aa. Jembe aliliacha limechomekwa tutani. "Likae hapohapo, wiki ijayo nalikuta," alisema. Akaoga, akavaa, akafunga mlango kwa kufuli, ufunguo akaufundika kwenye pindo la khanga. Selemani akapakia mkaa, mama akapakia mihogo, tukateremka.

Saa saba mchana, pale Mwenge, tairi lilipasuka. Selemani akaenda kutafuta fundi. "Nendeni mkale," alisema. "Mkikaa hapa mtashiba vumbi la mkaa."

Nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago tulisikia harufu ya bizari inayokaangwa. Tuliifuata hadi kwenye chumba chenye meza nne na kibao kilichoandikwa kwa mkono: HOTELI YA NEPALI. Mwenyewe aliitwa Bahadur. Alikuja nchini kuwapikia wajenzi wa barabara. Kazi ilipokwisha wenzake wakarudi kwao, yeye na mkewe wakabaki.

"Shikamoo, mama," alisema, kabla hata hatujaketi.

"Marahaba! Mhindi gani huyu mwenye adabu hivi?"

"Mie si Mhindi, mama. Mnepali. Kwetu milimani."

"Hata mie natoka milimani," mama akamjibu. "Goba."

Bahadur akainamisha kichwa kwa heshima, kana kwamba ametajiwa mlima wenye theluji.

Mama akataka kujua kuku amechinjwa na nani. Bahadur akaita dirishani, na mchongaji mmoja mwenye kofia ya kiua akainua patasi yake juu. "Nimechinja mie, mama! Kwa bismillahi!"

Chakula kikaja kwenye sahani za chuma zilizogawanywa vyumba: wali, mchuzi wa dengu, viazi, mboga za majani, kuku, na pembeni kitu chekundu chenye ndimu.

"Sahani ina vyumba vitano," mama alisema. "Nyumba yangu ina viwili! Na hiki nini?"

"Achari."

"Achari! We, hata kwenu inaitwa achari?" Tangu hapo Bahadur akawa mwanawe.

Sisi tumelelewa kwamba mgeni akibakisha chakula amekitia kasoro. Mama akala kwa mkono, akamaliza. Bahadur akatokea na sufuria, akamjazia wali na dengu. Mama akashukuru, akamaliza. Akajaziwa tena. Akaninong'oneza, "Mwanangu, mtu huyu nimemkosea nini?"

"Malizia tu, mama, tusimuudhi."

"Malizia wewe. Tumbo si lako!"

Akamaliza, kwa taabu. Mimi nilikwisha kulegeza mkanda. Sufuria ikaja tena, na mama akapiga kelele, "Baba, utaniua!"

Bahadur akashangaa. "Mama, kwetu sahani tupu maana yake mtu bado ana njaa."

"Na kwetu ikibaki kitu, mgeni kachukia!"

Tulicheka hadi mke wa Bahadur akatoka jikoni kuona kuna nini. Ndipo Bahadur akamfundisha mama: unafunika sahani kwa kiganja, unasema *pugyo*. Yaani, imetosha.

"Pugyo," mama akarudia, kiganja juu ya sahani. "Neno zuri. Ningelijua nilipoolewa, nisingezaa saba!"

Sijawahi kumwona akicheka vile, kabla wala baada. Akajifuta machozi kwa pindo la khanga, na ufunguo ukagonga meza.

"Jumamosi ukinirudisha tupite hapa," alisema. "Nimletee kisamvu. Utanirudisha, si ndiyo?"

Tulikuwa wawili tu mezani.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Jioni tulifika Temeke. Wajukuu walimpokea kwa shangwe, naye akawafundisha neno lake. Wiki nzima nyumba yangu ilikuwa kicheko: kila mtoto afunika sahani, kila mtoto pugyo. Jumamosi ilipofika nikamwambia pikapu ni mbovu. Ile iliyofuata, Athumani akaja akamwambia shamba limeuzwa.

Mama hakulia. Aliniuliza mimi: "Pale Mwenge, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Aliishi kwangu miaka minne. Salamu zangu aliitikia, watoto wangu aliwaombea dua, chakula cha mke wangu alikula. Lakini kila nilipompelekea sahani mimi, aliifunika kwa kiganja na kusema taratibu, "Pugyo."

Nilijifunza neno hilo siku moja na yeye, nikashindwa kumwambia kaka yangu imetosha. Kwa sababu hiyo mama alikufa bila kuiona tena Goba, na kwa miaka minne hakula hata tonge moja kutoka mkononi mwangu.