Ukisikia Milio Miwili, Usipokee

Siku ile simu ya mezani ililia milio kumi na nane.

Najua ni kumi na nane kwa sababu nilihesabu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka ilipo, nakunja nguo, na sikuipokea.

Ikanyamaza. Ikalia tena, safari hii milio mitano. Kisha kimya.

Nikatabasamu. Nikasema peke yangu, "Huyu naye leo kanogewa na waya."

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Saa saba mchana, mtu mrefu alisimama mlangoni kwetu ameshika kofia ya kazi isiyo yake, na hapo nikawa mjane.

Nieleze taratibu, maana bila kujua kazi ya mume wangu utaniona mwendawazimu.

Alikuwa fundi wa kuunga nyaya katika kampuni ya simu ya taifa. Miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Mzee wa Shaba, kwa sababu alianza kazi enzi za nyaya za shaba na hakuacha kuzisifia hata nyaya mpya za faiba zilipoingia.

"Faiba ni kioo," alikuwa akisema. "Kioo kina kiburi. Shaba ukiibana hivi, unasikia watu wanaishi."

Kazi zake nyingi zilikuwa ndani ya chemba. Chemba ni chumba cha zege chini ya barabara, kina mfuniko wa chuma, na nyaya za mtaa mzima hupita humo. Wewe unapita juu na viatu vyako, hujui kuna mtu chini amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, taa kichwani, anaunga nyaya nyembamba kama nywele.

Fundi akishaunga waya lazima aujaribu. Ana simu ya majaribio yenye vibanio viwili. Anabana kwenye waya, anapiga namba anayoijua kichwani, akisikia inaita, kazi imekubali.

Mume wangu alijua namba mbili tu kichwani. Ya ofisi ya zamu, na ya simu yetu ya mezani. Namba yangu ya mkononi hakuijua. Nani siku hizi anajua namba ya mkewe bila kutazama kioo cha simu?

Basi mchana kutwa nyumbani kwetu ilikuwa ni kulia na kukata. Milio miwili, kimya. Milio miwili, kimya. Wageni walishangaa.

"Mbona hampokei?"

"Ni mwenye nyumba," nawajibu. "Anasema yu hai."

Mwaka wetu wa kwanza niliwahi kupokea. Nilisikia tu maji yanadondoka, halafu sauti ya mume wangu ikang'aka: "Wee bibie! Umenivurugia kipimo!" Na nyuma yake wanaume wanaangua kicheko. "Mzee wa Shaba, mkeo anakufuata mpaka chini ya ardhi!"

Walimtania mwezi mzima. Jioni aliniketisha, anacheka lakini anamaanisha.

"Nikipiga mchana, usipokee. Hata ikilia sana. Pengine nimesahau vibanio kwenye waya nakunywa chai. Ukipokea unaniharibia kazi, sawa?"

"Sawa, bwana mkubwa."

Mama yake, tunayeishi naye, alikuwepo. Akaambiwa naye. Ikawa sheria ya nyumba.

Miaka kumi na miwili hatukuivunja.

Mwaka huo kampuni ilikuwa mbio. Mitambo mipya ya simu za mezani, minara mipya ya simu za mkononi, faiba mtaa kwa mtaa. Kulikuwa na siku ya uzinduzi, Ijumaa, na wakubwa wangekuja. Mume wangu alikuwa akirudi nyumbani magoti yamelowa, anakula amesimama.

"Wanataka kuzindua," aliniambia. "Hata kama chini hakujaungwa, juu lazima kuzinduliwe."

Alikufa Jumatano.

Yule mtu mrefu aliyekuja na kofia ni mwenzake wa kazi. Wanamwita Nguzo, kwa urefu wake. Kazi yao ilikuwa ya wawili: mmoja ashuke, mmoja abaki juu ya shimo akiangalia. Hiyo ndiyo kanuni, na hao wawili waliishika kama kiapo.

"Shemeji," alisema. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, miguu imejaa njia nzima.

Nikamuuliza, "Yuko wapi?"

Akanipa kofia.

Alichonieleza ni hiki. Chemba ilikuwa na maji. Wakaweka pampu ya injini mdomoni mwa shimo, ikayanyonya. Mume wangu akashuka. Nguzo akabaki juu. Ndipo msimamizi alipokuja na gari, kichwa kinamtoka moshi.

"Wewe mrefu, njoo huku, kuna faiba imekwama. Dakika kumi tu."

"Bosi, yuko mtu chini."

"Na yeye hajui ngazi ilipo? Panda!"

Akapanda. Dakika kumi zikawa saa nzima. Injini iliendelea kunguruma pale mdomoni, na moshi wake, ambao ulipaswa kupanda, upepo uliurudisha shimoni. Moshi ule huanza na miguu. Mtu anakuwa na akili zake, lakini miguu imekataa.

Simu yake ya mkononi ilikuwa juu, kwenye koti. Mbili zilishamtumbukia majini, na ya tatu aliapa hataishusha chini.

Tukamzika. Watu wakaja, watu wakaondoka.

Wiki tano baadaye kampuni ikaleta rasimu ya taarifa, tuisome kabla ya kikao cha mwisho. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu uliandikwa: *Marehemu aliingia kwa uamuzi wake bila mwangalizi. Alipoona hatari hakuomba msaada. Chanzo: uzembe wa mfanyakazi.*

Mama mkwe akaniomba nimsomee. Nikamsomea mpaka ukurasa wa pili, nikakunja.

"Malizia," akasema.

"Imeisha, Mama."

Akanitazama. Yule mama kutosema kwake kuna uzito kuliko ugomvi wa mwingine.

Kesho yake Nguzo akaja na karatasi moja iliyokunjwa ndogo kama dawa. Dada anayekesha na mitambo ndiye aliyeichapisha kwa siri. Mitambo mipya huandika kila namba inayopigwa, hata isipopokelewa.

"Huu ni waya wa duka la viatu," Nguzo akasema, kidole juu ya karatasi. "Unapita kwenye ile chemba. Duka lilikuwa limefungwa siku hiyo. Tazama saa."

Saa nne na dakika tisa. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na dakika kumi na moja. Mara tatu namba ya ofisi ya zamu.

"Walimjibu nini?"

"Hakuna wa kumjibu, shemeji. Jumatatu ile walihamisha ofisi ya zamu kwenye mitambo mipya. Namba ikabadilika. Tangazo lilibandikwa ukutani ofisini, na sisi tulikuwa mashimoni. Alichosikia ni ile sauti ya mashine: namba unayopiga haitumiki."

Nikaona mistari miwili ya mwisho. Sikuhitaji anisomee. Namba yetu nimeiandika kwenye fomu za maisha yangu yote.

Saa nne na dakika kumi na tatu. Saa nne na dakika kumi na tano.

Milio kumi na nane. Milio mitano.

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye ndoo, miguu imekufa, anasikiliza simu ya nyumbani kwake inavyoita. Alijua nipo. Jumatano huwa nafua. Na alijua kwa nini sipokei, kwa sababu sheria aliitunga yeye.

Nguzo aliniacha nilie. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Karatasi peke yake haitoshi. Msimamizi atasema vibanio viligusa waya vyenyewe, ikajipiga. Anatakiwa mtu aliyesikia simu ikilia. Shemeji... ulisikia?"

Hapo ndipo nilipobanwa.

Nikisema sikusikia, mume wangu anabaki mzembe. Faili lake litakaa kabatini hivyo, na mafundi wapya watafundishwa kwa mfano wake: msiwe kama yule.

Nikisema nilisikia, nitasema mbele ya mama yake kwamba mwanawe alipiga akiomba kuokolewa, na mimi nilikuwa hatua mbili, nakunja nguo.

Siku ile mama alikuwa uani nyuma, goti linamuuma, anaota jua. Nilikuwa na uhakika hajui lolote. Ningeweza kunyamaza mpaka kufa.

Sikulala sawasawa siku nne.

Kikao kilifanyika ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu na viti vipya ambavyo bado vina nailoni. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya uzinduzi, watu wanakata utepe. Mwenyekiti wa kikao alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole. Msimamizi alikaa mkono wake wa kulia. Mimi na mama mkwe tulikaa upande wa mlango. Nguzo nyuma yetu, magoti hayaingii chini ya meza.

Karatasi ikatolewa. Msimamizi hakuitazama mara mbili.

"Waya ukilowa hujipiga wenyewe. Hawa mafundi wanajua. Tena tuwe wakweli, mtu anayekufa atapiga nyumbani ili iweje? Na kama alipiga, mbona hakuna aliyepokea?"

Nguzo akasema, "Na mimi ulinitoa juu ya shimo ili iweje?"

"Wewe ulipanda gari kwa miguu yako."

"Ndiyo. Nilipanda," Nguzo akasema. "Hilo liandikeni."

Nikasimama. Nguo ilinata kwenye ile nailoni ya kiti, nikaivuta.

"Ililia," nikasema. "Milio kumi na nane, halafu mitano. Nilikuwepo. Sikupokea kwa sababu aliniambia nikisikia simu yake mchana nisipokee. Nilidhani anajaribu waya."

Sikumtazama mama mkwe. Niliangalia utepe kwenye picha.

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Kuna mwingine aliyesikia?"

Nikafungua mdomo kusema hakuna.

"Mimi," sauti ikasema kando yangu.

Mama mkwe alikuwa ameshika ukingo wa meza, anainuka kwa lile goti lake bovu.

"Nilikuwa uani. Iliponyamaza ikalia tena, moyo ulinishtuka. Nikanyanyuka. Nimefika mlangoni, nikamwona mkwe wangu amesimama anatabasamu. Nikasema, aah, mwenyewe anajua. Nikarudi kukaa."

Akanigeukia.

"Wiki tano nakuangalia unavyokonda, mwanangu, nikaogopa nikikwambia utadhani nakulaumu. Tulikuwa wawili. Usijibebeshe peke yako."

Kisha mwenyekiti akamwambia karani, "Andika mashahidi ni wawili."

Taarifa ilirekebishwa. *Uzembe wa mfanyakazi* iliondolewa. Sasa imeandikwa kwamba mwangalizi aliondolewa na msimamizi, na kwamba fundi aliomba msaada mara tano. Msimamizi alihamishwa, nasikia amepewa minara ya mji mwingine. Nguzo aliacha kazi, anatengeneza baiskeli. Akipita kwetu hakai ndani, anakaa kwenye ileile ngazi ya mlango.

Na namba mpya ya ofisi ya zamu imeandikwa kwa rangi nyekundu ndani ya kila chemba. Nimeenda kuiona. Walinifunulia mfuniko, nikainama, nikaisoma.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nenda nyumbani kwako ukatazame mlizoeana nini. Kila nyumba ina kautani kake kalikogeuka sheria: usinigongee nikiwa hivi, usinipigie nikiwa vile, nikinyamaza niache. Kaeni mkavunje. Mwambie mtu wako, siku ukinihitaji kweli, nitajuaje? Swali hilo tu. Sisi hatukuuliza miaka kumi na miwili.

Simu ya mezani bado ipo. Siku hizi ikilia tunakimbilia wote wawili, mama na fimbo yake. Mara nyingi ni mtu aliyekosea namba, na tunamwomba asikate upesi.

Wiki iliyopita kampuni ilileta barua. Nyaya za shaba za mtaa wetu zinazimwa tarehe thelathini, saa nne asubuhi.