Debe la Ndoano Ndogo

Mama anayetuuzia ndoano ukingoni mwa mto Ruzizi hujaribu kila ncha kwenye ukucha wa kidole gumba kabla ya kuitoa. Ukucha wote umejaa mikwaruzo. Ndoano ndogo, zinazonasa samaki wachanga, amezifungia ndani ya debe tangu samaki waanze kupungua mtoni, na debe hilo ndilo kiti chake.

Jumamosi Cédric, aliyechoka kama sisi wote kurudi nyumbani na kikapu kitupu, alisimama mbele yake.

“Maman, samaki bakubwa banaisha. Utuuzishe zile ndogo.”

“Na batoto bakiisha, utavua mawe?”

“Lakini kazi yako si kuuzisha?”

“Iko kuuzisha.” Akakaza kitenge, akajiweka sawa juu ya debe. “Ukizitaka, uninyanyue kwanza.”

Cédric aliutazama mwili ule mpana, kisha akazinyooshea kidole ndoano kubwa.