Kofia Iliyoingia Kwenye Albamu

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Hakuna nguo mbovu iliyotupwa nyumbani kwake kabla hajainyofoa vifungo na kuvitia kwenye kopo lililokaa kando ya cherehani. Alikuwa fundi wa kushona, chumba cha mbele duka, cha nyuma nyumba, na mtu wa wasiwasi tangu ujana. Mlango ukigongwa, moyo wake ulifika kabla ya miguu.

Albamu ya kwenye simu lilikuwa wazo la kitinda mimba wake. Picha za zamani zilikuwa zinaliwa na unyevu kwenye bahasha, basi binti akamfundisha mama: laza picha karibu na dirisha, ipige kwa simu, ipange kwenye ukurasa, pamba kidogo, andika maneno chini. Mwanzoni aligusa kioo kana kwamba ni pasi ya moto. Baadaye hakushikika. Alipiga hata vitu: koti la harusi la mumewe, sweta la kwanza la binti mkubwa, kiatu kisicho na mwenzake.

"Mama, utajaza simu," kitinda mimba alimwambia. "Juzi umeweka kitasa."

"Ni cha nyumba tuliyoanzia maisha. Wewe ulikuwa hata hujafikiriwa, nyamaza."

Kitu kimoja tu hakuruhusiwa kukigusa. Binti mkubwa alikuwa mjamzito. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika kila kitu kikiwa tayari: shuka, soksi, hata jina la utani. Safari hii alikuja akasema taratibu, "Mama, naomba mtu asishone kitu wala asinunue kitu. Nikishampakata, tutaanzia hapo." Mama akaapa, na mdomo akaahidi kuufunga.

Mdomo uliapa, mikono haikuapa. Siku mvua ilipofukuza wateja, alijikuta anafuma kofia ndogo ya sufu. Akaishonea kifungo chekundu, cha gauni alilovaa binti huyo siku ya kwanza ya shule. Ikapendeza mno. Akaipiga picha, akaipachika ukurasa wa mwisho wa albamu, akaandika: "Anakuja." Kofia yenyewe akaizamisha kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa. Nani ataona? Simu iko mkononi mwake.

Hakujua kwamba kitinda mimba aliifungua albamu ile kwa familia yote, na kila kilichowekwa kilitua kwenye simu zao.

Wifi yake ndiye aliyepiga kwanza. "Wifi, kofia tamu hiyo. Na mimi nianze shuka?"

"Kofia gani?"

"Si hii naitazama, na kifungo chake chekundu."

Akamwita kitinda mimba. "Ifute."

"Nimefuta, mama. Lakini dada keshaiona. Hapa panaonyesha."

"Si ulisema utafunga mdomo?" mumewe akauliza.

"Nimefunga."

"Basi mikono tungeifunga kamba."

Mama Vifungo alimpigia binti mkubwa, simu imezimwa. Siku hiyo suruali ya mteja aliishona mguu mmoja ndani nje.

Kesho yake binti akaja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekosa. Nitaifumua yote, uzi nirudishe..."

"Iko wapi?"

Mama akaichimbua. Binti akaivika ngumi yake, akaizungusha, kidole kikasita kwenye kifungo. Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Nilikasirika, mama. Nilipowasha simu nikaifungua albamu kuanzia mwanzo. Wote tumo. Kitasa kimo. Yule wa kwanza hayumo."

"Ulituambia tusimtaje."

"Nilisema msishone. Kutomtaja mlijiamulia wenyewe."

Binti akafungua mkoba, akatoa soksi moja ya sufu, ndogo kama kidole gumba. Mama aliijua kwa fundo alilofunga mwenyewe.

"Nilidhani ulizitupa."

"Nyingine sikuiona tena. Ipige picha. Iweke baada ya harusi yangu."

Mama akailaza karibu na dirisha. Akaipiga.

"Imetoka na ukungu. Piga tena," binti akasema, akamshikia kiwiko.

Ya pili ikatoka safi. "Niandike nini chini?"

"Usiandike. Sisi tunajua."

Walikaa wakiitazama mpaka kioo kikajizima. Binti akainuka, mkono kiunoni, akairudisha kofia mezani.

"Hii ibaki kwako. Albamuni bado."

"Haya, mwanangu."

Mlangoni akageuka. "Halafu mama, umeona vichwa vya kwao mume wangu? Hiyo haitapita hata kwenye sikio."

Mama Vifungo alingoja mpaka binti alipokata kona, ndipo akavuta kofia karibu na kuanza kutafuta ncha ya uzi.