Sufuria Yangu Ililala Gereji

Niliisikia sala ya chakula kupitia ukutani. Mtu alikuwa anamshukuru Mungu kwa wali, kwa nyama ya mbuzi, kwa mikono iliyopika, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta ule, nimelazwa kwenye kitanda cha wageni katikati ya mikoba na zawadi zilizofungwa karatasi za kung'aa, ulimi umenifia mdomoni. Nilitaka kusema nina njaa. Neno hilo hata mtoto wa kunyonya analisema kwa kulia. Mimi mwanamke mzima sikuweza. Jasho lilikuwa limelowesha gauni mpaka mgongoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Harufu ya pilau ikapenya chini ya mlango, ikanifuata pale pale. Halafu wote wakasema Amina, nikasikia vijiko, na baada ya hapo sikusikia kitu.

Ilikuwa Noeli, Alief, kule Houston, nyumbani kwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ninyi mnaonisikitikia baada ya misa hapa Fort Worth mmeambiwa kwamba nilianguka kwa ulafi, kwamba mgonjwa wa sukari alishindwa kujizuia mbele ya keki. Mmoja wenu alinishika mkono akaniambia, mama, mdomo ni adui. Sikusoma sana, niliishia darasa la tatu kambini, lakini kuandika naweza, na nimechoka kusikitikiwa kwa kosa ambalo si langu.

Nianzie mbali kidogo, maana huyu wifi sikumjulia Marekani.

Tulikulia kambi moja ya wakimbizi, upande wa Kigoma, nyumba zetu zikitazamana. Noeli ikikaribia hakuna aliyekuwa na kitu cha kununua. Mama yangu alichukua makopo ya mafuta ya msaada, yale ya bati, akayakata kwa mkasi wa kushonea uliokwisha makali, akatoa nyota. Alizitoboa kwa msumari, akazifunga kwa uzi wa gunia, na aliyekuwa anapanda juu ya ndoo kuzitundika mlangoni kwetu alikuwa huyo huyo wifi, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko sisi wote. Upepo ukipita zinagongana, tunasema Noeli imefika. Tulitunga pia maharage mekundu na punje za mahindi, kama shanga, tukazungushia pango la Mtoto Yesu tulilolifinyanga kwa udongo wa mtoni. Shanga hizo ulikatazwa kuzing'ata, maana sikukuu ikiisha zinarudi chunguni. Tulikula pambo letu, mimi na yeye, sahani moja, tunasukumana viwiko. Ndiyo sababu mdogo wake wa kiume aliponiposa sikuona kama nahamia kwa watu wageni.

Texas nilikuja na mazoea yale. Kazi yangu ilikuwa kwenye ghala, kupanga maboksi, na maboksi mabovu hutupwa, basi mimi nayabeba nyumbani, nakata nyota, nazichemshia maganda ya vitunguu zipate rangi ya shaba. Shanga za maharage natunga kila mwaka. Mume wangu alikuwa anasema nyumba yetu inafanana na stoo ya mahindi. Nilikuwa nacheka. Wakati huo nilikuwa bado nacheka maneno yake.

Sukari ilipokuja, mama mmoja wa kliniki alichukua sahani ya karatasi akaigawa kwa kalamu: nusu mboga, robo maharage au nyama, robo wali au ugali. Nikamwambia mkalimani, mwambie hiyo sahani naijua, ndiyo ya kambini, ila nyama ndiyo tulikuwa hatuna. Yule mama alicheka sana. Mimi nilirudi nyumbani na raha fulani. Kitu tulichokula kwa shida, leo kinaitwa dawa. Nikaanza kupika hivyo hata sikukuu, lengalenga za karanga, ule mchicha wetu, maharage yenye mafuta kidogo, ndizi ya kupika moja tu pembeni, na nakwambia watu walikuwa wanaomba tena.

Pamoja na sahani walinipa sindano za kushusha sukari. Ile ya chakula ina sheria moja: unajichoma chakula kikiwa kimefika, kisha unakula hapo hapo. Ukijichoma usile, sukari inashuka, na ikishuka sana inaua upesi kuliko ikipanda. Hilo nilimweleza mume wangu jikoni kwetu, si mara moja. Aliitikia kwa kichwa, macho kwenye simu.

Mwaka ule wifi alikuwa na jambo. Mwanawe wa kiume alikuwa anataka kuoa binti wa Kikenya, na wazazi wa binti, watu wa mji wa Plano, baba wa ofisini na mama nesi, walikuwa wanateremka Houston kula Noeli na sisi kwa mara ya kwanza. Wifi alitutumia ujumbe wa rangi: nyeupe na dhahabu, nguo mpaka vitambaa vya mezani. Mimi nikapika sufuria kubwa ya lengalenga na maharage, nikaifunga kwa kitenge, nikaipakata njia nzima kutoka Fort Worth, mume wangu akiendesha. Juu ya mfuniko niliweka shanga. Nilidhani atafurahi. Nilijiona nampelekea utoto wetu.

Alinipokea kwa kunikumbatia, siwezi kumsingizia. Akafunua sufuria, akafunika.

"Asante, wifi yangu," akasema. "Lakini leo si siku ya kukumbushana kambi."

Nikadhani ni utani, nikamjibu kwa utani, kwamba bila mboga wakwe watakosa choo.

"Wakikuta haya mezani, watasema binti yao anaolewa kwa wakimbizi."

"Si ndivyo tulivyo?"

"Tulikuwa," akasema, na akaichukua sufuria mwenyewe, na shanga zake, akaipeleka gereji, akaiweka chini karibu na mashine ya kukatia nyasi. Niliona kwa macho yangu. Ilinichoma, lakini nyumba ni ya mwenyewe, na mgeni hapangi meza. Nikakaa.

Meza ilikuwa imependeza. Pilau, mbuzi, sambusa, chapati, viazi vya kukaanga, keki ya gorofa tatu, na jani la kijani hata moja la kupambia halikuwepo. Nikajipangia kichwani: pilau kidogo, nyama, basi. Wifi akatoka jikoni anapangusa mikono, akatangaza, karibuni mezani, chakula tayari, akaanza kubandua karatasi za foili. Nikaingia bafuni, nikajichoma. Nilifanya kama nilivyofundishwa.

Nilipotoka, foili zilikuwa zimerudi juu ya vyakula.

Wakwe walikuwa wamepiga simu. Wamechelewa na foleni, lakini wako karibu. Kwetu mgeni wa heshima hakuti sahani chafu, na wifi aliongeza lake, kwamba meza ipigwe picha nzima, wao wakiwepo, kabla haijaguswa. Nilimvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimeshajichoma, anipe hata kipande cha chapati.

"Vumilia kidogo, wifi. Ukimega, pengo litaonekana kwenye picha."

Nikavumilia. Hapo ndipo majuto yangu yanapokaa mpaka leo. Sufuria yangu ilikuwa hatua chache kutoka nilipoketi, imejaa, ya kwangu, nimeipika mwenyewe, na mimi nilikaa sebuleni nimekunja mikono kama bibi harusi, kwa sababu tangu utoto tumefundishwa kwamba anayekula peke yake kabla ya wageni ni mchawi au hana malezi. Adabu ile ilinila.

Mikono ilianza kutetemeka. Nikaiona chupa ya soda juu ya kabati, nikaishika. Wifi aliiona kabla sijafungua. Akanipokonya mbele ya watu.

"Wewe na soda? Unataka kunifia nyumbani siku ya Noeli?"

Akanipa maji. Nikasema sukari imeshuka. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kirundi cha kwetu, hakuna aliyeweza kusema hakuelewa. Na mume wangu, ambaye alikuwa ameketi na wanaume wenzake, akageuza shingo tu.

"Ikishuka si ndiyo heri? Kila siku unanililia imepanda. Leo mshukuru Mungu."

Wakacheka. Si kicheko kibaya, cha sikukuu tu. Na ndivyo watu wetu wengi wanavyoujua huu ugonjwa: sukari ni adui, mnyime mgonjwa sukari, umempenda. Wifi alipoipeleka soda jikoni, nadhani alijiona ananiokoa. Lakini mume wangu alikuwa ameelezwa. Yeye simtolei udhuru.

Yaliyofuata nayajua vipande vipande. Sukari ikishuka, kabla ya kuanguka mtu hubadilika tabia, anakuwa mkali, anasema ovyo. Wanasema nilisimama nikamwambia wifi maneno kuhusu sufuria. Wanasema nilishika kile kitambaa cha dhahabu nikakivuta, glasi zikapasuka. Sauti ya mume wangu ndiyo ninayoikumbuka vizuri, ilikuwa imetulia kabisa.

"Ni ile sufuria tu. Huyu akinuna mwacheni. Hasira zake zikiisha atakuja mwenyewe."

Wakanishika mikono, mume wangu huku, wifi kule. Wifi alikuwa na haraka maana gari la wakwe lilikuwa linaingia. Wakanilaza. Mlango ukafungwa. Kisha nikasikia vigelegele vya kupokea wageni, na kile kicheko kirefu cha wifi ninachokijua tangu kwenye ndoo, na baadaye ile sala.

Aliyenikuta ni yule mama wa Plano, nesi, ambaye mimi nilikuwa nafichwa asinione. Alikuwa amekumbuka kwamba hajaweka mkoba wake chumbani pamoja na ile ya wengine. Alifungua mlango akanikuta nimeporomoka katikati ya kitanda na ukuta, mwili unarukaruka, mkono umebanwa chini yangu. Yeye mwenyewe alinisimulia, alipokuja kunitazama hospitalini. Aliita watu wa dharura, akaagiza asali, mwili ulipotulia akanilaza ubavu, akanipaka asali ndani ya shavu. Wale wengine walikuwa wamejaa koridoni na sahani mkononi, wakimwambia nimekasirika tu, nina tabia hiyo.

"Mnasema amekasirika?" aliwaambia. "Huyu mama anakufa. Ni nani alifunga hii mlango?"

Aliniambia kwamba jambo lililomshangaza kuliko yote ni jinsi watu wengi namna ile walivyoweza kutazama chini kwa pamoja.

Bega langu la kulia lilikuwa limetoka na kuvunjika. Walilirudisha, lakini mkono hauvuki tena usawa wa shingo. Ghala halina kazi ya mtu wa namna hiyo. Daktari alinizuia kuendesha gari kwa muda, na hapa Texas mtu asiyeendesha ni kama amefungwa miguu, anasubiri kubebwa. Nilisubiri kubebwa na mume yule yule. Sufuria aliirudisha nyumbani baada ya siku kadhaa, na kitenge chake. Ilikuwa imechacha. Nilimwaga, nikaosha, nikakaa kwenye sakafu ya jikoni nikalia, na sikulilia bega. Nilimlilia msichana mrefu aliyekuwa anapanda juu ya ndoo.

Harusi ilifanyika, ilipendeza, nimeona picha. Na kabla ya harusi wifi alikuwa ameshapeleka habari kila mahali, Houston, DeSoto, mpaka hapa kwetu: mgonjwa alidokoa keki kwa siri, ikampandisha sukari. Mume wangu aliisikia habari hiyo mbele yangu, uani pa kanisa, akakohoa, akauliza kama mvua itanyesha. Nilipombana nyumbani alisema tusiharibu ndoa ya watoto kwa mambo yaliyopita. Mimi sikutia mdomoni hata punje ya wali siku ile. Keki ile sijui hata ladha yake.

Sasa ujumbe umekuja tena. Mwaka huu rangi ni nyekundu na dhahabu, tukusanyike Alief, wakwe watakuwepo. Chini wifi ameniandikia mimi peke yangu: usijali, wifi, tutakuwekea saladi.

Nitakuja. Nimeshatunga shanga, mkono wa kushoto umejifunza, ingawa kutundika siwezi tena, mlango wangu mwaka huu uko mtupu. Sufuria nitaipakata kama zamani na nitaiweka mezani mimi mwenyewe, na nitakula nikishajichoma, mgeni awe amefika au yuko njiani. Lakini kabla ya sala ya chakula nitasimama. Mama wa Plano atakuwepo, na wale waliotazama chini watakuwepo. Sitaki pole, na saladi yako wifi sitaki. Utawaambia kwa mdomo wako kwamba sikula, kwamba niliomba chakula nyumbani kwako nikanyimwa. Na wewe baba wa watoto wangu utawaambia nilikueleza nini jikoni kwetu.

Kisha mtajibu lile swali aliloliuliza mgeni, ambalo mlimwacha nalo koridoni. Mlikuwa wawili tu mlionishika. Ni nani alifunga mlango?