Kidole Kimoja au Kiganja Kizima

Bosi wangu wa Riyadh, ninayemwita baba, ana baiskeli mbili za mbio: moja kuukuu ya chuma, aliyoinunua ujanani, na nyingine mpya aliyoletewa na wanawe. Mimi ni dereva wake. Siku tulipozipeleka Jeddah, aliniomba nizijaribu zote mbili, nimwambie ni ipi vidole vyake vitaweza kuisimamisha. Viungo vya vidole vyake vimevimba, hata chupa ya maji humfungulia mimi. Lakini alitamani sana kuendesha tena kando ya bahari.

Nilianza na ile kuukuu, kwenye uchochoro nyuma ya nyumba tuliyofikia, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Breki zake ni raba mbili zinazobana rimu. Unavuta, wapi! Unavuta tena kwa kiganja kizima, ndipo mwendo unapungua polepole, kama mtu aliyeombwa ahame kiti. Niliipenda. Mkononi nilisikia kila kitu, hata vumbi lililonata kwenye rimu.

Ile mpya ina breki za diski, zinazosukumwa na mafuta badala ya kuvutwa na waya. Nikachapa mwendo, nikashika breki ya kushoto, maana kwetu Kenya kushoto ni nyuma. Kumbe hii kushoto ni mbele! Kidole kimoja tu, gurudumu la nyuma likainuka, nikatua kifua juu ya hendeli.

"Halas, basi tena, umeniulia baiskeli," baba akasema, akicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Na mimi je, baba? Mimi sijafa?"

"Wewe una kichwa kigumu. Yalla, haya, sema. Ipi?"

Nilijua jibu alilolitaka. Ile ya chuma alikuwa akiipangusa kwa mkono wa kanzu yake. Roho iliniuma.

"Hii mpya, baba. Ya zamani inataka kiganja kizima. Hii ukiigusa tu, imesimama."

Akajaribu kukunja ngumi, haikukunjika.

"Basi hiyo ya chuma panda wewe, unifuate."

Asubuhi tulikuwa kando ya bahari, yeye mbele. Paka akakatiza. Baba akasimama papo hapo. Mimi nikavuta kwa nguvu zangu zote na bado nikampita.

"Unaenda wapi?"

"Sijui, baba! Iulize baiskeli yako!"

Toka hapo nilikaa nyuma kabisa, macho kwenye kidole chake cha breki. Kikitikisika tu, mimi tayari navuta.