Programu ya Imrani na Mafiga ya Bi Arafa

Mimi Shaaban ni fundi cherehani hapa Mugumu, na miaka yote ya rashi ya dhahabu, watu wakikimbilia kila machimbo mapya yanapozuka, nimekaa kibaraza kimoja na Imrani, fundi kompyuta. Kijana mwerevu, sikatai, ila anaudhi. Chai anakunywa yangu, mkasi anachukua wangu, hata kioo anachojitazamia ni cha wateja wangu.

Alikuwa anamtaka Zuleha, binti wa Bi Arafa mnunuzi wa dhahabu. Bi Arafa si mtu wa kuchezewa. Akihamia rashi mpya anabeba godoro, maji, chumvi, mpaka mafiga. Imrani alimcheka sana: mtu anabeba mawe kwenda machimboni! Bi Arafa akasikia. Kisha akamwambia amtengenezee programu ya kupima ubora wa dhahabu: unaandika uzito wa hewani na wa majini, inakupa karati. Ikifanya kazi kwake rashini, alete posa.

Imrani akaiandika. Akaijaribu kwa Nikolaus wa stesheneri, akaijaribu duka la dawa, kote ikaenda, akaanza kutamba. Jamani, itaachaje kwenda? Kompyuta zote hizo aliziwekea Linux, ule mfumo wa kuziendesha, yeye mwenyewe, kutoka flashi moja! Ni kama mtu ale kwake, kisha aseme mji mzima umeshiba.

Rashi mpya ilikuwa mbele ya kijiji cha Mbalibali. Nilifuatana naye, nikipeleka magauni ya Bi Arafa. Kompyuta ya Bi Arafa ilinunuliwa Sirari, mpakani, ina Linux yake ya zamani. Imrani akachomeka flashi mbele ya wachimbaji waliokuwa wanasubiri kupimiwa. Programu ikagoma. Ikasema maktaba fulani haipo.

Bi Arafa akauliza, maktaba gani tena huku porini? Imrani, jasho likimtoka, akaeleza kuwa ni vipande vya kazi vilivyoandikwa na watu wengine. Programu haivibebi, inaviazima kwenye kompyuta inayoikuta. Mjini vipo, hapa havipo, na mtandao wa kuvipakua hakuna. Viwili alikuwa navyo kwenye flashi, akavinakili. Programu ikadai cha tatu.

"Kwa hiyo umeileta kwangu mikono mitupu," mama akasema, "ije iniombe chumvi."

Wachimbaji walicheka mpaka nikamwonea huruma. Tuliporudi kibarazani, chai yangu hakuigusa. Kumbe alikuwa anampenda kweli yule binti.

Akaiunda upya, safari hii akivifungasha vile vipande vyote ndani ya programu yenyewe. Ikavimba, ikawa kubwa mara nyingi kuliko ya kwanza. Tena kipande kimoja kikionekana kina kasoro, itabidi aiunde tena yote. Lakini tulipoirudisha rashini iliwaka pale pale, haikuomba kitu. Bi Arafa akapima dhahabu ya mchimbaji mmoja, akalinganisha na hesabu yake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa.

"Hii imekuja na mafiga yake," alisema. "Leta wazee."

Siku ya posa, nani yuko kibarazani kwangu asubuhi? Imrani! Anataka kanzu yangu. Viatu ameshavichukua kwa Nikolaus. Nikamwambia nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaivaa hivyo hivyo, na mimi ni mnene, ikamning'inia.

Bi Arafa alitupokea vizuri, akatulisha. Halafu akamtazama Imrani kuanzia miguuni.

"Viatu vya Nikolaus, kanzu ya Shaaban. Mwanangu, nikikupeleka rashini bila hawa, utawaka?"

Wazee wakakohoa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na wala sikuwa mwoaji.

"Sitawaka, mama," Imrani akasema. "Nipe muda nijifungashe."

Bi Arafa akacheka, akampa mpaka mavuno.

Kesho yake Imrani alikuja kibarazani na birika lake, jipya, akanimiminia kikombe. Chai ilikuwa mbaya, imezidi majani. Niliinywa yote, maana ilikuwa yake.