Mbao Iliyonenepa

Kila masika, unyevu ukiingia ndani, stuli iliyoko jikoni kwangu huanza kunuka ziwa. Si harufu kali. Ni ya mvule uliolowa, na matope kidogo, na majani ya majini. Mume wangu haisikii kabisa. Mimi ikinifikia tu, basi, kukaa siwezi tena. Nafuta meza niliyokwisha kuifuta, nafungua friji na kuifunga. Ninyi nitawaambia kwa nini, maana yeye bado namwonea aibu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukiishi Igogo, kando ya ziwa, nami nilikuwa mwanachama mdogo kuliko wote wa klabu ya useremala ya Fundi Rweyemamu. Fundi alikuwa mwalimu mstaafu, Mhaya wa maneno mazuri na misumari michache. Jumamosi asubuhi tulikutana nyuma ya nyumba yake, chini ya bati, kila mtu na kazi yake. Mzee Mashauri alikuwa mwaka wa tatu kwenye kitanda kimoja, na mkewe alikwisha kununua kingine. Mama Editha, muuguzi, alichonga miko ya ugali mingi kuliko wageni aliowahi kuwapikia. Mimi nilikuwa natengeneza stuli ya bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Sengerema kutibiwa magoti. Alilala kitandani kwangu, akanuka mafuta ya kuchulia, akanisimulia habari za ng'ombe kana kwamba ni majirani. Alipopata nafuu, mama akaanza kuulizia saa za kivuko, nami sikutaka aondoke. Ila Bibi alikuwa amekwisha kutoa neno.

"Siondoki bila stuli ya mjukuu wangu," alisema. "Nataka nisonge ugali nimekaa, kama bosi."

Na Bibi akishasema amesema.

Klabu ilikuwa na sharti moja lisilovunjwa: mbao mbichi haiungwi. Siku za wiki kila mtu alitunza mbao yake nyumbani. Jumamosi tuliining'iniza kwenye mizani ya samaki, na Fundi akaandika uzito kwa penseli upande wa chini wa mbao yenyewe. Ikisimama kwenye namba moja wiki mbili mfululizo, imekauka. Piga randa, unga. Mbao yangu ya kikalio nilipewa na waunda mitumbwi, ingali mbichi. Ilianza na kilo nne na nusu, ikashuka nne na robo, ikashuka nne. Wenzangu wakanipigia makofi. Mimi nikawa nahesabu kwa vidole: ikibaki nne Jumamosi ijayo, Bibi kwaheri.

Alhamisi iliyofuata, baada ya shule, nikaenda mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, na mbao yangu chini ya sweta. Nikaizamisha katikati ya mawe, nikaikandamiza kwa jiwe, nikakaa juu ya jabali mpaka jua likaanza kuinama. Ijumaa nikaianika juani ngozi ya juu ikauke. Jumamosi mizani ikasema nne na robo. Wiki iliyofuata nikaizamisha tena, ikasoma nne na robo vilevile, nikadhani mambo yameharibika, maana ile sasa ilikuwa wiki ya pili kwenye namba moja. Fundi akaitikisa mizani, akakuna kichwa, akasema mbao iliyopanda uzito haiaminiki, tungoje kidogo. Wiki ya tatu nikaizamisha siku mbili. Nne na nusu.

"Mtazameni huyu mtoto," Fundi aliwaambia wengine. "Wala halalamiki. Subira huvuta heri."

Wiki zile sikulala vizuri, sikula vizuri, na shuleni nilichapwa kwa kuchungulia dirishani kila honi ya kivuko iliposikika. Bibi naye hakutulia. Kila asubuhi alisimama uani akitazama mawingu ya upande wa kwao. Jirani yake alikuwa ametuma salamu: mvua imeanza, watu wanapanda. Mama akamsihi aende. Bibi akajibu kwamba neno ni neno.

Jumamosi ya nne akaja klabuni mwenyewe, na fimbo yake.

"Shikamoo, mama," Fundi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuiona hiyo mbao isiyokauka."

Fundi akampa. "Ni ya ajabu, mama. Badala ya kupungua, inanenepa."

Bibi akaigeuza. Kidole chake kikashuka polepole juu ya zile namba, kikafika kwenye nne, kikasimama. Bibi alikuwa amelima pamba maisha yake yote. Mizani alikuwa anaijua kuliko sisi wote, na walioimwagia pamba yao maji ili iwe nzito alikuwa anawajua kwa majina. Akaisogeza mbao puani. Kisha akanitazama. Nikasubiri aibu yangu.

"Labda ni hewa ya ziwa," alisema, akairudisha.

Tukatembea pamoja mpaka karibu na nyumbani. Akasimama kupumzisha magoti.

"Mizani unaweza kuidanganya," alisema. "Mvua huwezi. Ungeniambia tu, Bibi usiende. Ningekujibu hapana, tungelia wote wawili, halafu ningekwenda."

Akaondoka Jumatatu, bila stuli. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilivunja neno lake, na nilimvunjisha mimi. Shamba alilipanda kwa kuchelewa, na mwaka ule mama alimpelekea unga mara nyingi. Stuli nilimpelekea likizo. Fundi alitaka kuzipiga randa zile namba za chini, nikamwambia aziache, nikidhani najiadhibu. Bibi akaikalia mpaka alipofariki, ndipo ikarudi kwangu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba wiki zile sikumpenda Bibi tu. Nilimfunga pia, kwa ahadi aliyoitoa kwa kunipenda.

Juzi nilikuwa nasafiri kikazi. Kiatu kimoja hakionekani. Binti yangu, miaka sita, amekaa juu ya stuli, miguu ameikunja, hataki kunyanyuka. Nikapiga magoti mbele yake, nikamuuliza anataka kuniambia nini.

"Mama, usiende."

Nikamwambia hapana. Tukalia wote wawili, halafu akanipa kiatu.